Kutunza Ndevu Katika Baridi ya Bara: Aliyoniuliza Mpwa Wangu Miyuji



Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad.

Mwezi wa Julai nilikuwa Dodoma, nikafikia kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Miyuji, kaskazini ya mji, upande wa barabara ya Arusha. Kijana ana kazi yake serikalini, alhamdulillaah, na amefuga ndevu tangu alipokuwa chuoni. Alfajiri ya kwanza tulitoka kwenda msikitini, yeye kajifunga mafla mpaka puani. Tuliporudi akaivua chini ya taa, nikakiona kidevu chake. Ngozi imepasuka chini ya mdomo, magamba meupe yamejaa kwenye ndevu, na pahala pawili pametoka damu kwa kujikuna. Akaniambia: "Mjomba, mimi nataka kuzinyoa. Nimemwambia mama, kanuna. Leo siku ya tatu hapokei simu yangu."

Nikamuuliza yalianza lini. Akasema ni kila mwaka ifikapo Juni mpaka Agosti, na akienda nyumbani Unguja kwa Idi, baada ya siku nne tano uso wote unarudi kuwa laini. Basi nikamwambia: "Mwanangu, ugomvi wako si na ndevu. Ugomvi wako ni na hewa ya huku." Tulizungumza mambo haya kwa siku kadhaa, na kwa kuwa vijana wetu wengi wa visiwani sasa wanasoma na kufanya kazi Dodoma, nimeona niyaandike, wazee nao wayasome.

Sisi wa visiwani tukisema baridi tunakusudia kipupwe chetu, upepo wa kusi unavuma, mtu analala na shuka mbili. Lakini upepo ule umepita juu ya bahari, umebeba unyevu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua huko hukatika mwezi wa Aprili na hazirudi mpaka mwisho wa Novemba au Disemba. Usiku wa Julai baridi hushuka kufikia digrii 13 au 14, na mchana jua linawaka pamoja na upepo wenye vumbi. Hewa namna ile ina kiu, na inachota maji popote inapoyapata: kwenye mtungi, kwenye nguo iliyoanikwa, na kwenye ngozi ya mwanaadamu. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji yake yasitoke, na mafuta hayo yakiondolewa haraka kuliko yanavyotengenezwa, inakauka, inawasha, kisha inapasuka. Nywele za ndevu ni nene na za kujipinda, mafuta ya ngozi hayafiki nchani, ndiyo maana ndevu zenyewe nazo hukakamaa kama kumbi.

Ndugu zetu walioko Uingereza na nchi za Skandinavia watatucheka kwa kuziita digrii 13 baridi, wao ambao pumzi zao huganda barafu kwenye masharubu. Lakini shida yao ni hii hii, na kwao inazidishwa na vyombo vya kupasha joto ndani ya nyumba, ambavyo huikausha hewa zaidi.

Sasa nikamwambia anioneshe anavyofanya. Akanipeleka msalani, nikakuta sabuni ya mche. Subhaana Allaah! Sabuni ya kufulia, anaosha nayo uso asubuhi na jioni. Na maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visimani, katika bonde la Makutupora, na maji ya visima vile ni mazito, sabuni haitoi povu vizuri, na ile isiyotoka hubaki kwenye nywele kama unga. Nusu ya magamba yale meupe yalikuwa ni sabuni. Nilimwambia aiache kwa nguo zake. Uso unatosha kuoshwa kwa sabuni laini mara moja kwa siku, usiku baada ya vumbi la kutwa, na mara zilizobaki maji ya wudhuu yanatosha.

Na hapa ndipo penye jambo linalomhusu kila Muislamu mwenye ndevu, kwa sababu mtu asiyeswali anaweza kukaa kutwa bila ya kulowesha uso, ama sisi tunaulowesha mara tano.

Katika madhehebu ya Imaam Shaafi'iy, ambayo ndiyo tunayosomeshwa vyuoni kwetu tangu utotoni, ndevu zinagawanywa mafungu mawili. Zikiwa chache, yaani mtu aliyekaa mbele yako mkizungumza anaiona ngozi chini yake, ni wajibu kuosha nywele na ngozi iliyo chini. Zikiwa nyingi zimefunika ngozi, wajibu ni kuosha juu yake tu, pamoja na zile zilizoning'inia chini ya kidevu kwa kauli yenye nguvu. Masharubu na nyusi hayamo katika ruhusa hiyo: hata yakiwa mengi, maji lazima yafike ngozini. Mpwa wangu, kama vijana wengi wa kwetu, kidevuni ana nyingi na mashavuni ana chache. Basi kila sehemu inapewa hukumu yake: mashavuni maji yafike ngozini, kidevuni yapite juu.

Juu ya hayo ipo Sunnah ya takhliyl, yaani kuchukua gao la maji, kuyaingiza chini ya kidevu na kupitisha vidole ndani ya ndevu. Imepokewa kutoka kwa 'Uthmaan bin 'Affaan kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akifanya hivyo, na At-Tirmidhiy amesema ni Hadiyth hasan swahiyh. Kijana anaihifadhi Sunnah hii, Allaah amjaze kheri. Kosa lake ni kwamba alikuwa akitoka na ndevu zinachuruzika maji, anaingia kwenye upepo wa saa kumi na moja alfajiri, anakwenda mwendo wa dakika kumi. Maji yanayokauka juu ya ngozi kwa upepo huondoka na unyevu wa ngozi yenyewe. Afanyae hivyo kila siku ni kama alambaye midomo yake kwa ukavu, kila akilamba inazidi kukauka.

"Mbona hujifuti?" nikamuuliza. Akasema alisomeshwa chuoni kwamba kujifuta maji ya wudhuu si vizuri. Ni kweli kasomeshwa, ila aliishika nusu. Asili yake ni Hadiyth ya Mama wa Waumini Maymuunah (Radhiya Allaahu 'anha), iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba alimpelekea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kitambaa baada ya kuoga, hakukichukua, akawa anayapangusa maji kwa mkono wake. Kwa hivyo maulamaa wetu wakasema bora ni kuacha kujifuta. Lakini Mashaafi'iy hao hao katika vitabu vyao wameutoa udhuru, na mfano wa udhuru walioutaja ni baridi. Utadhani walikuwa wamelala Miyuji! Basi ajifute kwa taulo, akandamize bila ya kusugua, mpaka ndevu zibaki na unyevu tu, na ajifute ndani kabla hajafungua mlango.

Kuhusu maji ya moto, wako wanaodhani kuwa anayepasha maji ya wudhuu anapunguza ujira wake, kwa kuwa imekuja katika Hadiyth ya Abu Hurayrah, aliyoipokea Muslim, fadhila ya kuukamilisha wudhuu wakati wa mambo ya kuchukiza kama baridi. Fadhila ile ni ya kuukamilisha wudhuu pamoja na uzito uliokukuta, haimtaki mtu autafute uzito. Maulamaa wetu wameyachukia maji ya moto sana na ya baridi sana kwa pamoja, kwa sababu yote mawili humfanya mtu asiutimize wudhuu vizuri. Maji ya uvuguvugu ndiyo ya kati na kati, na ngozi pia ndiyo inayoyapenda, kwani maji ya moto huyeyusha mafuta yake ya asili kama yanavyoyeyusha mafuta ya sufuria. Birika moja linatosha watu wawili.

Josho la janaba ni kali zaidi kuliko wudhuu. Humo hakuna ndevu nyingi wala chache, maji lazima yafike kwenye mashina ya nywele zote. Kijana akaniuliza kwa haya: akiamka na janaba, baridi kali, je, atayammamu? Nikamtajia kisa cha 'Amr bin Al-'Aasw katika msafara wa Dhaat As-Salaasil, alipohofia kuangamia kwa baridi akatayammamu na akawaswalisha wenzake, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoambiwa alicheka wala hakumkemea. Ameipokea Abu Daawuud. Lakini 'Amr alikuwa safarini vitani. Wewe una jiko la gesi na umeme, ruhusa ile haikufikii mpaka ushindwe kupasha maji na uhofie madhara ya kweli. Na hata akitayammamu mtu kwa sababu ya baridi, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa swalah ile ataikidhi.

Tukafika kwenye mafuta, na hapa nilikaa zaidi, kwa sababu swalah zake za mwezi mzima zilikuwa zinahusika.

Dada yangu humpelekea chupa ya mafuta ya nazi anayoyatoa mwenyewe nyumbani, kwa boti mpaka Dar es Salaam na kutoka hapo kwa basi. Mafuta mazuri, yananukia. Unguja ukiyaweka dirishani ni maji mwaka mzima isipokuwa usiku mchache wa kipupwe. Dodoma mwezi wa Julai chupa ile ilikuwa nyeupe kama mshumaa, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Kijana akiyachokoa kwa kijiko, anayapakaza kwenye ndevu usiku, mengi, kwa imani ya kuwa yakizidi ndiyo dawa. Alfajiri anaamka, ndevu zina vipande vyeupe vilivyogandamana kwenye nywele, anamimina maji ya baridi juu yake, anaswali.

Je, wudhuu huo unasihi? Maulamaa wamepambanua. Imaam An-Nawawiy katika Al-Majmuu' ametaja kwamba mafuta ya majimaji yaliyobaki kwenye kiungo, maji yakapita juu yake na kugusa ngozi ila hayakutulia, wudhuu unasihi, kwa sababu kutulia kwa maji si sharti. Ama kitu kigumu chenye umbo, kama nta au mafuta yaliyoganda, kikizuia maji yasifike kinapostahiki kuoshwa, lazima kiondoshwe kwanza. Mafuta ya mgando ya dukani nayo yanaingia hapa: alama nyepesi inayong'aa haina neno, tabaka unaloweza kulikwangua kwa ukucha lina neno. Na hukumu ni ile ile kwa mama na dada zetu wanaojipaka usoni na miguuni wakati wa baridi.

Akabadilika rangi. "Kwa hivyo swalah zangu, mjomba?"

Nikamwambia atulie, atazame jambo moja moja. Mafuta yaliyofika kwenye ngozi yenyewe yameyeyuka kwa joto la mwili, hayo hayana shida. Penye shida ni vile vipande kwenye nywele za juu, ambazo kuziosha ni wajibu. Siku ambayo ana yakini kuwa aliviona kabla ya wudhuu na akatawadha juu yake bila ya kuvitoa, swalah alizoziswali kwa wudhuu ule azirudie. Siku ambayo aliviona baadaye, hajui vilikuwepo au amejipaka tena baada ya kutawadha, basi jambo linapelekwa kwenye wakati wa karibu zaidi, na swalah yake imepita. Na siku ambazo ni shaka tupu iliyomjia leo baada ya kunisikia mimi, asiifuate, kwani shaka baada ya kumaliza ibada haina athari, na ukiifungulia mlango inakuwa waswasi. Akahesabu kwa vidole, akapata alfajiri tatu alizo na yakini nazo. Akazirudia siku ile ile.

Namna ya kutumia mafuta ni nyepesi. Mafuta hayaingizi maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoke. Kwa hivyo yanapakwa ndevu zikiwa bado na unyevu kidogo, baada ya kujifuta, matone matatu manne tu, yakisuguliwa kwanza katikati ya viganja mpaka yayeyuke, kisha vidole vishuke mpaka kwenye ngozi, na mwisho kitana chenye meno mapana. Wakati mzuri ni baada ya 'Ishaa. Anayetaka mafuta yasiyoganda kwa baridi ile, yuko Dodoma, na Dodoma na Singida ndiko kunakolimwa alizeti. Mafuta ya alizeti au ya ufuta hubaki maji hata alfajiri, hayana harufu kali, na bei yake haimtoi mtu roho. Ya zaituni ni mazuri kwa nywele, ila nimewaona madaktari wa ngozi hawayapendelei kwa ngozi iliyokwisha kupasuka.

Neno moja kwa ndugu zangu wa Pemba. Mafuta ya karafuu na mafuta ya makonyo ni neema yetu, lakini hayapakwi usoni peke yake. Yana ukali unaounguza ngozi, na ngozi iliyopasuka ndiyo kabisa. Kama ni harufu inatafutwa, tone moja ndani ya kijiko kizima cha mafuta mengine, na kwanza ulijaribu mkononi. Manukato ya spirti nayo yanakausha, yatiwe kwenye nguo.

Siku ya tatu tulikwenda zahanati, maana mimi si daktari. Daktari alimtazama akasema ana mambo mawili, ukavu wa baridi na mba. Mba wa ndevu unatokana na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta, kwa hiyo yale mafuta mengi ya usiku yalikuwa yakimlisha. Akampa shampuu yenye dawa ya ketoconazole, mara mbili kwa wiki, ikae kama dakika tano kisha isuuzwe, na akamwambia apunguze mafuta mpaka magamba yaondoke. Mimi nikamwambia mojawapo ya siku hizo aifanye Ijumaa, aiunganishe na josho lake.

Nikataja na hili, kwa kuwa Dodoma ni nchi ya wafugaji. Anayeshika ng'ombe na mbuzi anaweza kupata choa cha ndevu: duara lenye wekundu, vipele vyenye usaha, na nywele zikivutwa zinatoka bila ya maumivu. Hicho hakitibiki kwa mafuta wala kwa krimu peke yake, kinataka vidonge kwa wiki kadhaa. Na zile tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila muwasho, nyingi zina dawa inayotuliza muwasho na huku inamnenepesha fangasi. Mtu anafurahi siku tano, ya sita ugonjwa umeenea shavu zima.

Sasa lile la kunyoa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha masharubu yapunguzwe na ndevu ziachwe, kama ilivyo katika Hadiyth ya Ibn 'Umar kwa Al-Bukhaariy na Muslim. Maulamaa wengi wamesema kunyoa ni haramu, na katika madhehebu yetu Ar-Raafi'iy na An-Nawawiy wameishia kwenye karaha. Sikutaka kumlemea kijana kwa ikhtilafu hii. Nilichomwambia ni kuwa ugonjwa wa kweli ni udhuru katika sheria. Az-Zubayr na 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf (Radhiya Allaahu 'anhuma) waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho, na Ka'b bin 'Ujrah aliruhusiwa kunyoa kichwa ndani ya ihraam kwa udhia wa chawa, akatoa fidia. Daktari akisema dawa haifiki ila nywele ziondolewe, ziondolewe na zitarudi. Lakini daktari hakusema hivyo, alisema sabuni ya mche iondoke. Na kwa nywele zetu za kujipinda, wembe una adhabu yake: nywele iliyokatwa chini hujirudi ndani ya ngozi na kutoa vipele. Angetoka kwenye ukavu akaingia kwenye vipele.

Kuzipunguza zile zilizotawanyika, lina nafasi. Ibn 'Umar mwenyewe, aliyeipokea Hadiyth, alikuwa akihiji au kufanya 'Umrah hukamata ndevu zake kwa ngumi na kukata zilizozidi, ameyataja hayo Al-Bukhaariy. Na katika Al-Muwattwa ya Imaam Maalik, kwa njia ya mursal, yupo mtu aliyeingia msikitini kichwa na ndevu zimetimka, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuashiria atoke akazitengeneze, akaenda akarudi nadhifu. Kwa upande wa pili imepokewa pia makatazo ya kujichana kila siku mfululizo kwa wingi wa kujipamba. Kitana chake kinakaa mfukoni, kioo kinabaki nyumbani.

Kuhusu mafla, ivae njiani, hakuna neno, inazuia upepo na vumbi. Ukifika msikitini iteremshe chini ya kidevu, kwani kufunika mdomo ndani ya swalah ni makruhu bila ya haja, na mswalishaji naye sauti yake inafichika. Na ifuliwe! Sufi iliyolowa pumzi na mate wiki nzima, ukiisugua kwenye ngozi iliyopasuka, usishangae.

Dada yangu nilimpigia mwenyewe, akapokea. Nilimueleza kuwa mtoto ni mgonjwa, hakuasi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yale mafuta yake ndiyo yaliyomuumiza. Nikamwambia mafuta hayana kosa, yameletwa kwenye nchi isiyokuwa yao. Jioni ile waliongea nusu saa.

Limebaki moja aliloniuliza nikiwa nafunga mkoba. Ana nia ya 'Umrah mwezi wa Januari, na Madiynah wakati huo usiku wake ni baridi kavu kama ya Dodoma. Je, aendelee na mafuta yake? Madiynah aendelee, mpaka siku ya kutoka. Akishanuia ihraam pale Dhul-Hulayfah, katika madhehebu yetu ni haramu kutia mafuta nywele za kichwa na za ndevu, hata yasiyokuwa na harufu, na akifanya kwa kusudi ana fidia. Basi ajipake kabla ya kunuia, na takhliyl yake ndani ya ihraam iwe kwa upole asije akang'oa nywele. Akishanyoa au kupunguza nywele za kichwa baada ya kumaliza Sa'y, mafuta yake yamo mkobani, na namnasihi abebe ya alizeti.

Wallaahu a'lam.